Spika ya Laki Tatu Ngara na Biharamulo: Nani Atainunua, na Atauziwaje?

Swali hili hurudi kila mara kutoka kwa wenye maduka wa Ngara na Biharamulo, na mara nyingi anayeuliza amekwisha kujijibu: spika ya Bluetooth ya laki tatu, huku kwetu nani atainunua? Muulizaji ana duka la simu na chaja, au la vifaa vya umeme, au lile la mchanganyiko lenye betri za tochi upande mmoja na madaftari upande mwingine. Spika za elfu ishirini anazo na zinatoka. Za bei ya juu anaziona Mwanza na Kariakoo, anazitamani, kisha anarudi bila kuzinunua kwa hofu ya mtaji kulala.

Hofu hiyo ina msingi. Wateja wengi wa wilaya hizi wameshaumwa na nyoka: boksi lenye jina kubwa, ndani kifaa chepesi kilichonyamaza baada ya miezi michache. Anapooneshwa spika ya laki tatu, mteja wa namna hiyo hapimi bei tu, anakumbuka na hasara aliyokwisha kuipata. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuuzwa ni uthibitisho: kwamba spika ni ya kweli, kwamba inalia kama inavyosifiwa, na kwamba mwenye duka atakuwepo ikileta shida. Uthibitisho huo unaweza kutolewa kwenye fremu ya kawaida kabisa, bila kufungua duka jipya la spika tupu.

Fedha ipo, ila ina misimu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba wilayani hakuna fedha. Ipo. Ngara kuna kahawa na ndizi, kuna mishahara ya walimu na wauguzi, na kuna malori yanayopita kwenda Rusumo na Kabanga na madereva wanaopumzika Benaco. Biharamulo kuna njia panda za Lusahunga na Nyakanazi, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kuna mgodi wa Tulawaka, ulioanza uzalishaji 2005 na kuchukuliwa na STAMICO 2013. Fedha ya kahawa haiji mwezi mmoja na mshahara wa mwalimu, wala dereva wa lori hanunui kwa sababu zile zile za bwana harusi.

Wateja wa spika hizi ni wa aina chache:

- Dereva na utingo. Anataka kitu kidogo, kigumu, kinachoshika chaji. Hana muda wa kurudi kesho, ananunua leo au hanunui.
- Mwenye mshahara. Yupo dukani siku chache baada ya mishahara kuingia. Huyu huuliza maswali mengi kuliko wote na ndiye huleta wenzake.
- Mwenye saluni, kibanda cha chipsi au baa. Anaangalia sauti na muda wa kulia. Rangi haimhusu.
- Kwaya, kanisa dogo, mshereheshaji. Lazima kuwe na tundu la kipaza sauti. Hulipa vizuri, ila baada ya vikao vitatu.
- Mnunuzi wa zawadi. Harusi, sendofu, mtoto aliyefaulu. Kwake boksi lililofungwa vizuri lina thamani karibu sawa na kilichomo.

Mwenye duka akae na daftari lake la mauzo ya simu za bei ya juu. Aliyemuuzia simu ya laki nne mwaka jana ndiye mteja wa kwanza wa spika ya laki tatu, na namba yake tayari anayo.

Aina mbili zinatosha kuanzia

Kosa linalojirudia ni kujaza kabati la kioo kwa aina kumi, moja moja, ili duka lionekane. Mteja anachanganyikiwa, muuzaji mwenyewe hazijui, na ikiharibika moja hakuna ya kubadilishia.

Njia nzuri ni kuchukua aina mbili: moja ndogo ya kubeba mkononi, nyingine ya ukubwa wa kati. Ile kubwa ya sherehe iletwe kwa oda, mteja akiwa ametanguliza sehemu ya fedha. Mifano ya makala haya inatoka JBL, kwa kuwa ndilo jina linaloulizwa sana na linaloigwa sana. Kampuni hiyo ya Marekani ilianzishwa 1946 na James B. Lansing, na leo iko chini ya Harman, ambayo Samsung iliinunua 2017.

- Go 3: ndogo ya mfukoni, wati 4.2, hulia hadi saa 5.
- Flip 6: wati 30, hadi saa 12. Ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 130, kabla ya nauli na kodi za kuifikisha huku.
- Charge 5: wati 40, hadi saa 20, na inaweza kuchaji simu.
- PartyBox 110: wati 160, ya sherehe, ina tundu la kipaza sauti na la gitaa.

Sony, Bose na Marshall wana spika nzuri pia. Lakini jina ambalo mteja wa Rulenge au Nyakahura hajawahi kulisikia humlazimu muuzaji kufanya kazi mara mbili: kulieleza jina, kisha kuieleza spika. Liwekwe baadaye, duka likishaaminiwa.

Si vibaya pia kuwa na daraja la katikati. Oraimo, kwa mfano, ni ya Transsion, kampuni ile ile ya Tecno, Infinix na itel ambazo wateja wanazijua. Mtu anayetoka kwenye spika ya elfu ishirini hafiki laki tatu kwa hatua moja.

Kununua mzigo bila kuuziwa feki

Hapa ndipo biashara hii inapofia, tena kabla haijaanza. Safari ya kwanza ya mzigo mwenye duka aende mwenyewe, asiagize kwa picha za WhatsApp. Mwanza imekuwa karibu zaidi tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Anayepitia Geita hasubiri tena kivuko.

Akifika kwa muuzaji wa jumla, afungue boksi na kufanya haya:

1. Pima uzito. Flip 6 halisi ina takribani gramu 550, Charge 5 gramu 960, Go 3 gramu 209. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Nyingi za kuigiza huwa nyepesi, na nyingine hujazwa kipande cha chuma ili zionekane nzito, kwa hiyo uzito uwe kipimo cha kwanza tu.
2. Hesabu matundu. Flip 6 halisi ina tundu moja tu, la kuchajia. Ukiona sehemu ya memori kadi au ya flashi, au ukiambiwa inashika FM, hiyo ni feki. Hakuna mjadala.
3. Linganisha namba. Namba ya kifaa iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye spika zifanane. Kama boksi zote kumi zina namba moja, funga safari.
4. Unganisha na programu. Flip 6 na Charge 5 hutambuliwa na programu ya simu ya JBL Portable. Iweke kwenye simu yako kabla hujaondoka nyumbani. Feki nyingi hukwama hapo.
5. Soma boksi. Herufi zilizofifia, maneno yaliyokosewa, wati elfu kadhaa kwenye kifaa cha ukubwa wa kikombe.
6. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka lako, aina na idadi. Kutotoa risiti ni kosa, na kutoidai pia ni kosa.

Kuna wanaosema: feki ina faida kubwa, na mteja hajui tofauti. Huenda hajui siku ya kununua. Ila mji wa Ngara ni mdogo, na wa Biharamulo si mkubwa sana kuuzidi. Spika ikinyamaza kwenye sendofu, waalikwa wote watajua ilinunuliwa wapi. Zaidi ya hapo, Tume ya Ushindani (FCC) inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na bidhaa bandia zikikamatwa huishia kuteketezwa, mtaji nao ukiwa ndani yake.

Flashi na redio: pingamizi kubwa kuliko bei

Wauzaji wengi wa mijini hawalijui jambo hili, kwa kuwa wateja wao hawaliulizi. Mteja wa Biharamulo anaishika spika ya laki tatu, anaigeuza, anatafuta, kisha anauliza: flashi inaingia wapi? Anajibiwa haina. Redio je? Haina. Anairudisha mezani taratibu. Ya elfu ishirini ina vyote viwili, na taa za rangi juu yake.

Mteja huyo hana ujinga wowote. Nyimbo zake zote ziko kwenye flashi aliyojaziwa na kijana wa stendi, na redio kwake si pambo. Ngara ni nyumbani kwa Radio Kwizera, iliyoanzishwa 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS), wakati wilaya ilipokuwa imejaa wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Watu walizoea kupata habari za mpakani, za ndugu na za mvua kwa masafa ya FM. Kifaa kisichoshika kituo chochote kinamshangaza, na ana haki ya kushangaa.

Ubaya zaidi ni kwamba feki ya spika hiyo hiyo ina flashi na redio. Anayeigiza anamjua mteja wetu kuliko kampuni yenyewe.

Dawa yake ni kutoficha. Muuzaji aseme kabla hajaulizwa: "Kaka, hii haina flashi wala redio. Kazi yake ni moja, kupiga sauti safi kutoka kwenye simu yako." Kisha amalize shida badala ya kumwachia mteja:

- Hamisha nyimbo pale pale. Kiunganishi kidogo cha OTG huchomekwa kwenye simu, flashi huchomekwa humo, nyimbo zinahamia kwenye simu au kwenye memori kadi yake. Huduma hii iwe bure kwa anayenunua. Ni dakika chache, na hakuna tangazo linaloishinda.
- Simu ya kitochi nayo ijaribiwe. Baadhi zina Bluetooth na hupiga muziki vizuri. Mteja asiambiwe anunue simu janja kabla ya kujaribu aliyonayo.
- Redio ya zamani isitupwe. Redio ya kwenye simu kwa kawaida huhitaji waya wa hedifoni kama antena, na mara nyingi sauti yake haihamii kwenye spika. Kusikiliza kituo kwa intaneti kunawezekana kama kinarusha huko, ila bando linakwenda. Mwambie ukweli huo.
- Anayetaka flashi lazima, apewe chenye flashi. PartyBox 110 husoma flashi, ingawa haina FM. Na kama mfuko haufiki huko, auziwe ya bei ya chini yenye flashi na redio, aondoke ameridhika. Kumlazimisha ni kumrudisha kesho akiwa amekasirika.

Usimwambie mteja kamwe kwamba "redio utaiweka kwa programu" ili tu utoe mzigo. Hiyo ndiyo sentensi inayorudisha spika nyingi dukani.

Mteja asikie mwenyewe

Januari 2020 Bose walitangaza kufunga maduka yao 119 Amerika Kaskazini, Ulaya, Japani na Australia, wakisema wateja wananunua mtandaoni. Mwenye duka wa Ngara asilichukue jambo hilo kama hoja ya kuacha spika ndani ya boksi. Mteja wa huko akiipokea na kuichukia, anairudisha kwa posta. Mteja wa Kabanga hana pa kuirudisha, kwa hiyo lazima asikie kabla ya kutoa fedha.

Spika moja ya kila aina itolewe iwe ya majaribio. Hiyo ni gharama ya biashara, iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Namna ya kuitumia:

1. Iweke juu ya meza nzito, usawa wa kifua cha mteja. Kabati la kioo hutetemeka na kuharibu sauti. Kona ya ukuta huongeza besi ya uongo.
2. Unganisha simu ya mteja, siyo ya duka. Aone kwamba inashika kwenye simu yake.
3. Piga wimbo anaoujua yeye. Kwaya ya sauti nne inafichua mengi: kwenye spika mbaya, sauti ya kwanza na ya pili hugongana na besi hulia kama debe. Taarabu, bongo fleva, nyimbo za Kinyarwanda na Kirundi, chochote anachokijua kwa moyo.
4. Linganisha na ile ya elfu ishirini kwa kiwango kimoja cha sauti. Sikio hudhani kila iliyo juu zaidi ndiyo nzuri zaidi. Ukipiga ya bei kubwa kwa nguvu na ndogo kwa unyonge, umemdanganya, naye atagundua akifika kwake.
5. Kisha ipandishe hadi juu kwa sekunde chache. Hapo tofauti hujieleza: ya bei rahisi hukwaruza.
6. Mwache atoke nje na simu, hatua kumi hivi, asikie kama inakatika.
7. Nyamaza. Wauzaji wengi huongea juu ya muziki wanaouuza.

Kupiga spika barazani kutwa nzima kuna mipaka. Kanuni za kudhibiti kelele chini ya Sheria ya Mazingira zipo tangu 2015, NEMC inazisimamia, na jirani mwenye duka la dawa naye ana masikio. Na spika iliyopigwa barazani miezi minne si mpya tena. Isirudishwe kwenye boksi na kuuzwa kwa bei kamili.

Wati za kwenye boksi

Mteja atauliza: "Mbona hii ya elfu arobaini ina wati 5,000 na yako ina 30?" Jibu liwe fupi. Zile elfu tano ni hesabu ya kilele cha kubuni ambacho kifaa hakikifikii. Zile 30 ni nguvu ambayo spika inaweza kuitoa kwa kuendelea. Halafu zipigwe zote mbili. Mabishano ya maneno hapa hayana mshindi.

Chaji, sola na vumbi

Wilaya hizi zilikaa miaka mingi kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, na leo, pamoja na gridi na bwawa la Rusumo la megawati 80 ambalo Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi, bado kuna nyumba nyingi za sola vijijini. Kwa hiyo swali la chaji huulizwa kila siku, na muuzaji awe na hesabu kichwani.

- Betri ya Flip 6 ina karibu wati-saa 17. Kwa chaja yenye nguvu inayotakiwa, ampea 3, hujaa kwa takribani saa 2 na nusu. Kwa tundu dogo la sola la volti 5 na ampea 1, itachukua saa 4 au zaidi.
- Charge 5, yenye wati-saa 27, itachukua saa 6 au zaidi kwa tundu hilo hilo.
- PartyBox 110 huchajiwa kwa umeme wa ukutani. Mwenye sola ndogo asiuziwe.
- Saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za sauti ya wastani. Baa inayopiga juu kabisa isitarajie kuzifikia.

Alama ya IP67 iliyo kwenye Go 3, Flip 6 na Charge 5 ielezwe kwa lugha ya hapa. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, na kwa barabara za vumbi jekundu hilo ni neno kubwa. Ile 7 maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ila tundu la chaji likilowa, likauke kabisa kabla ya kuchomeka waya. PartyBox haina ulinzi wa kiwango hicho; mvua ikinyesha iingizwe ndani.

Bei, punguzo na mikopo

Bei iandikwe na iwe ya shilingi. Maduka ya mpakani yamezoea faranga za Rwanda na Burundi na hata dola, lakini kanuni za fedha za kigeni za 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mgeni akabadilishe kwanza.

Mteja ataomba punguzo, na asipopewa chochote ataona amedharauliwa. Mwenye duka aamue mapema kiwango cha chini ambacho hatakivuka, na badala ya kukata fedha nyingi aongeze kitu: mkoba, waya wa akiba, nyimbo. Tuseme spika imemgharimu 290,000 hadi kufika dukani, nauli na tahadhari ya hasara vikiwemo, naye anaiuza 350,000. Akipunguza 40,000 kwa sababu ya urafiki, faida yake imekuwa ya spika ndogo tatu, kwa mtaji wa spika ndogo kumi na zaidi. Hapo heri angebaki na ndogo.

Kukopesha ndiko kunakoua. Wanaotaka kulipa kidogo kidogo wapo, na wasifukuzwe:

- Mteja aanze kulipa, spika ikae dukani na jina lake, aichukue akimaliza.
- Kila malipo yaandikwe kwenye kadi mbili, moja yake na moja ya duka. Akilipa kwa Lipa Namba ujumbe wa simu unabaki kuwa ushahidi.
- Muda uwekwe, na iandikwe nini kitatokea akiacha njiani. Kumrudishia fedha yake, pengine ukitoa kiasi kidogo mlichokubaliana, ni salama kuliko kugombana.
- Asikopeshe fedha kwa riba. Hiyo ni biashara nyingine yenye leseni yake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla inavutia kwa anayeanza, ila kwa spika hizi ina mtego: ikirudi na mkwaruzo mmoja, umeinunua.

Kuleta mzigo kupitia mpakani

"Kigali zipo, Rusumo ni hapa. Kwa nini niende Mwanza?" Swali zuri. Kituo cha pamoja cha Rusumo kilifunguliwa rasmi 2016 na kimerahisisha mengi. Ila utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha. Spika iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kupita Kigali. Ushuru wake upo, nyaraka zake zipo. Anayeipitisha kwa njia za panya anapoteza vyote viwili: hana risiti ya kumwonesha mteja, na ikikamatwa hana pa kudai.

Risiti na waranti

Kabla ya kununua, mwulize muuzaji wa jumla kwa maandishi: ikiharibika ndani ya muda gani atabadilisha, nani analipa nauli ya kuirudisha, na anataka boksi lake au la. Majibu hayo ndiyo mwenye duka atayapunguza kidogo na kuyatoa kwa mteja wake. Akipewa miezi 6, asiahidi mwaka.

Karatasi ya duka iwe na mistari michache: jina la spika, namba ya kifaa, tarehe, muda, na yasiyohusika, yaani kuanguka, kuchajiwa kwa umeme usiofaa, na kufunguliwa na fundi. Hilo la mwisho lisemwe kwa mdomo pia, kwa kuwa fundi redio yuko hatua chache tu na mkono wake mwepesi.

Mteja akirudi na malalamiko, usianze na "umeifanyaje?" Iunganishe na simu ya duka kwanza. Mara nyingi kosa ni la simu yake, au spika imeshikana na simu ya jirani.

Mzigo ukikaa

Betri za spika hizi ni za lithiamu, na zikiachwa tupu kwa miezi huchoka zikiwa kwenye boksi. Zilizokaa muda mrefu zitolewe, zichajiwe hadi nusu, zirudishwe, mbali na bati la paa na dirisha lenye jua.

Hatari nyingine ni toleo jipya. Mwaka 2025 JBL walileta Flip 7 na Charge 6, na bei za zile za nyuma zikaanza kulegea. Anayenunua Flip 6 leo ahakikishe bei ya jumla imeshuka kweli. Amweleze pia mteja anayepanga kuziunganisha mbili zilie pamoja: Flip 6 hutumia mfumo wa PartyBoost, Flip 7 hutumia Auracast, na hazisikilizani. Aliyenunua Flip 6 mwezi uliopita akirudi kutafuta ya pili, auziwe Flip 6 nyingine, hata kama Flip 7 ndiyo iliyo mbele kwenye kioo.

Ile ya majaribio iuzwe kila baada ya miezi michache kwa bei ya chini, ikiwa na kibandiko kinachosema wazi kwamba imetumika dukani. Kwa kawaida humalizwa na mmoja wa wale waliokuwa wakija kuisikiliza bila kununua.